Herufi Tatu za Baba

3 Machi

Dada mpendwa,

Nakusalimu wewe na binti yako. Huku tunaendelea. Wifi yako mzima, mtoto ameanza kutambaa na anabomoa kila anachokifikia. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu humu ndani ni ya kila mtu.

Jumamosi nilimkata mteja sikioni. Utasema kinyozi gani hajawahi kukata mtu. Lakini mkono uliruka wenyewe, hata sijaanza kumnyoa. Akacheka, akasema, "Leo umeamkia chupa." Hata Baba alianza hivyo. Alikuwa akimwaga chai, watu wakamwita mlevi, naye pombe hakuwahi kuionja. Mwisho mikono ikawa inacheza yenyewe, akatusahau hata sisi, akafa, nasi hatujui ni nini.

Baadaye daktari wake alisema ugonjwa ule umo kwenye DNA, na hurithiwa. Wewe mwalimu wa baiolojia, nieleze kama unavyomweleza yule wa mwisho darasani. Usingizi umenihama.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Barua imefika. Mtoto anayebomoa nyumba ni mzima, mshukuru Mungu. Sisi tupo.

Sikiliza. Ndani ya kila seli yako mna DNA. Ichukulie kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Kila kidato ni herufi mbili zilizoshikana: A na T, C na G, wala hazibadilishani wenzi. Seli inapotaka kugawanyika, ngazi hufunguka katikati kama zipu, na kila upande hujijengea mwenzake. Palipo na A huja T, palipo na C huja G. Ngazi moja inakuwa mbili, zinazofanana.

Kunakili huko hufanyika kwa makini sana. Ila kuna mahali herufi tatu, C, A, G, hujirudia mfululizo. Kwa watu wengi ni mara ishirini hivi. Hapo kazi huweza kuteleza, kama mtoto anayesoma neno moja mara mbili, zikaongezeka. Zikifika arobaini au zaidi, ndiyo yale ya Baba. Na kosa likishaingia, nalo linanakiliwa kama kawaida.

Baba alikuwa na nakala mbili za sehemu hiyo, mbovu na nzima. Kila mmoja wetu alipewa moja tu. Nusu kwa nusu.

Mkono kuruka mara moja si ushahidi. Kapime damu.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Habari za huko? Sisi wazima, nikijitoa mimi.

Nimekwenda. Nesi akaniuliza, "Una uhakika unataka kujua?" Nikamwambia sina. Akasema, "Basi rudi ukiwa nao." Nikafika mlangoni, nikageuka, nikakunja mkono wa shati. Majibu yatachukua wiki kadhaa.

Wembe nimeuweka kando, nanyoa kwa mashine tu. Mtoto simbebi nikiwa nimesimama. Nakaa chini kwanza, ndipo nasema waniletee. Wifi yako anadhani mgongo unaniuma.

Na wewe, umepima? Hukuniambia.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Shule ina mitihani, sina nafasi. Kula, ulale. Majibu yakitoka niandikie siku hiyohiyo.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Sina. Daktari alisema hivyo tu, "Huna." Nikamwomba arudie, akarudia. Siku ile mkono uliruka kwa uchovu tu. Nilimweleza wifi yako kila kitu, akalia, kisha akanigombeza kwa kumficha.

Jioni nikazisoma tena barua zako. Ile ya mwisho mistari inapanda na kushuka, herufi zimegongana. Wewe, uliyekuwa ukinichapa vidole kwa mwandiko mbaya. Dada, nakuomba unijibu. Umepima?

Mdogo wako


22 Juni

Mdogo wangu,

Nilivyofurahi kwa ajili yako siwezi kueleza. Nimekawia kwa woga, si kwa kazi.

Nilipima mwaka juzi. Ninao. Yale niliyokufundisha niliyasoma kwa ajili yangu, nikitafuta mahali vitabu vilipokosea. Sijapaona. Ubaoni siandiki tena, nawasomea wanafunzi, wao wanaandika.

Kufa nakuogopa, na kuwasahau nakuogopa zaidi. Lakini kinachoninyima pumzi ni binti yangu. Juzi mezani alinishika mkono, akasema, "Mama, mbona unachezacheza?" Nikamjibu ni baridi. Akaangalia dirishani, jua linawaka. Ana miaka kumi na saba. Ile nusu kwa nusu nilimfundisha mwenyewe, darasani. Sijui nitaanza na neno gani.

Dada yako


1 Julai

Dada,

Salamu tutapeana tukionana. Nimefunga duka, Ijumaa nitakuwa kwako. Usimwambie ukiwa peke yako. Utaanza wewe, na ukikwama nitaendelea mimi. Akitaka kupima nitakwenda naye. Asipotaka, hakuna wa kumlazimisha, hata wewe.

Nilipongoja majibu yangu nilidhani huo ndio woga wenyewe. Kumbe woga wenyewe ni huu nilio nao kwa ajili yenu. Wifi yako amesema nisirudi mpaka mnifukuze.

Mdogo wako