Mume Wangu Anashtaki Kila Kitu Gerezani, na Mimi Ndiye Ninayemchochea

Mpendwa Mama Raisa,

Nisaidie kabla sijamuuza mtamba, maana nimebanwa kila upande na nikimwambia mchungaji wetu kanisa zima litajua kabla ya Jumapili, na tafadhali jina langu ulifiche. Mume wangu Isaiah yuko gerezani kwa miaka mitano, alimvunja jirani yetu Andati mkono kwa rungu siku ya kupiganisha mafahali, kwa sababu Andati alisema fahali wetu Komanda hunyweshwa pombe ya chang'aa kabla ya kupigana, jambo ambalo ni la kweli lakini halisemwi mbele ya watu. Alikaa rumande miezi kumi na minne kesi ikiahirishwa tu, halafu akahukumiwa, na sasa ametumikia miaka miwili.

Hakuwa amemaliza hata miezi mitatu ya kifungo alipofungua kesi ya kwanza, Mama Raisa, na hiyo naapa sikumtuma. Jikoni mwa gereza ugali humwagwa kwenye sinia kubwa na kukatwa vipande vya pembe nne, basi Isaiah akaandika kwa mkono wake kurasa kumi na moja kwamba mtu wa kabila letu la Idakho kulishwa obusuma, yaani ugali, yenye pembe badala ya mviringo ni kuvunjiwa haki ya utamaduni wake iliyo kwenye katiba, na kwa kuwa ni mfungwa na hana kitu, mahakama ikamsamehe ada, kesi ikafunguliwa bure kabisa.

Nikaenda Kakamega siku ya kusikizwa nikiwa nimejaa aibu. Sasa wewe elewa kwamba gerezani tunaonana kupitia waya, dakika chache, na huku na huku kuna wake wa watu wengine wanapiga kelele, mpaka siku moja nilimjibu mume wa mtu kuhusu karo. Lakini kortini tuliketi kwenye benchi moja la korido tangu saa mbili mpaka saa sita, askari wa gereza, Afande Wesley, ameketi upande wake wa pili anasoma gazeti, nami nikamlisha Isaiah ingokho, kuku wa kwetu, niliyokuwa nimefunga kwenye jani la mgomba. Akala, akajifuta, akanigeukia akaniuliza, "Mama Maurine, huo mgongo wako bado unakusumbuanga?"

Mama Raisa, nimeolewa miaka tisa. Nyumbani mtu huyu alikuwa anaamka anakwenda kumwamkia Komanda kwanza, anamkanda shingo, anamsimulia mipango yake yote, halafu akirudi ndani anauliza chai iko wapi. Mgongo wangu ulianza kuuma nikiwa na mimba ya Maurine na sikujua kama anajua nina mgongo. Pale kwenye benchi nililia na Afande Wesley akageuza ukurasa.

Jaji aliitupa kesi ya ugali kwa dakika tano, akasema mahakama si jiko. Isaiah alivunjika moyo, na mimi, Mungu anisamehe, ndipo nilipomnong'oneza wakimrudisha kwenye gari, "Kwani hakuna kitu ingine inakusumbuanga huko ndani?"

Ya pili ikawa ya Komanda. Alipigana Krismasi akashindwa kwa dakika mbili, na nilimkumbusha Isaiah kwamba kila mtu anajua fahali asiposindikizwa na mwenyewe, na ngoma za isukuti zikilia mbele yake, moyo wake hauingii uwanjani. Akalishtaki gereza kwa kumnyima ruhusa ya kwenda kumsindikiza, akadai fidia ya heshima ya fahali. Tulipata benchi mara tatu kwa hiyo kabla haijatupwa. Ya tatu alimshtaki mchungaji anayehubiri gerezani, kwamba amehubiri juu ya mwana mpotevu Jumapili tatu mfululizo akimtazama yeye peke yake. Wazo hilo lilikuwa langu pia, na siku ya kusikizwa nilisuka nywele.

Sasa jaji amechoka. Mwezi jana aliitupa na hiyo ya mchungaji, akaandika uamuzi wa kurasa nne kwamba huyu mfungwa ameleta kesi tatu za upuuzi kwa msamaha wa ada, na kuanzia sasa hasamehewi tena, akitaka kufungua nyingine alipe kama watu wote. Nakala nimekuwekea humu uione.

Isaiah ameniagiza kupitia waya niuze mtamba wetu ili amshtaki Kiprotich, mfungwa wanayelala chumba kimoja, kwa kukoroma. Anasema hiyo ina uzito, ana mashahidi kumi na tisa.

Lakini kuna jambo lingine ambalo linaninyima usingizi kuliko Kiprotich. Siku ile ya uamuzi, kuna dada anaitwa Rachael anayesaidia watu wasio na wakili pale kortini, alinivuta kando akaniuliza kama ile miezi kumi na minne ya rumande ilihesabiwa kwenye kifungo. Nikamwambia hakuna aliyeitaja. Akasema inapaswa kuhesabiwa, na ikihesabiwa, pamoja na ile theluthi wanayopunguziwa wenye tabia njema, mume wangu anaweza kuwa nyumbani kabla hatujavuna mahindi haya yaliyo shambani.

Hizo ni wiki tatu zimepita. Nimemtembelea mara mbili na sijamwambia. Naogopa, Mama Raisa. Komanda bado yupo, amenenepa, na mwanamume wa kwenye benchi nampenda kuliko yule aliyetoka nyumbani akiwa na rungu. Je, nimuuze mtamba au nisimuuze?

Mke wa Mshtaki,
Iguhu.

MAMA RAISA ANAJIBU

Salaam aleikum, dada yangu. Nimelificha jina lako, la mumeo, la jirani na la kila mtu uliyemtaja. Hata fahali nimempa jina jingine, kwa sababu kutoka Iguhu mpaka Lurambi, fahali aliyeshindwa Krismasi kwa dakika mbili anajulikana kuliko wewe.

Sitakudanganya, nimecheka. Pale kwa mchungaji na mwana mpotevu chai ilinipalia, binti yangu akanipiga mgongoni. Halafu nikafika kwenye zile wiki tatu, kicheko kikaisha.

Tuanze na mtamba, kwa kuwa ndiye uliyemtanguliza ili nisione kilicho nyuma yake. Usimuuze. Mtu akikoroma husukumwa kidogo akalala ubavu, na hao mashahidi kumi na tisa wanaweza kumsukuma kwa zamu. Na usimlaumu jaji. Msamaha wa ada uliwekwa kwa ajili ya yule mfungwa asiye na shilingi ambaye ananyimwa dawa au anapigwa, na ninyi mmemwekea ugali wenye pembe juu ya faili lake. Huyo naye ana mke, na labda mkewe hajapata hata hilo benchi.

Sasa huo uamuzi ulionitumia. Inaelekea ninyi wawili mliusoma mpaka pale jaji alipowagombeza, mkakasirika, mkaukunja. Mimi niliufikisha ukurasa wa nne. Ameandika kwamba katazo hilo haligusi maombi yanayohusu uhai wa mfungwa au uhuru wake, hayo anaweza kuyaleta wakati wowote bila ada, mradi aeleze kwa ufupi ni nini. Mimi si wakili, kwa hiyo nilimpigia mmoja simu, akaniambia siku za rumande ni uhuru wa mtu, hakuna namna nyingine ya kuziita. Mlango mmoja jaji aliuacha wazi, nanyi mko dirishani mnamtafutia mtamba mnunuzi.

Nimekuonea huruma, usidhani sina moyo. Miaka tisa kuishi na mtu anayemsimulia ng'ombe mipango ya nyumba si mchezo, na kuulizwa hali ya mgongo wako kwa mara ya kwanza mbele ya askari ni jambo la kumliza yeyote. Lakini nikuulize: kwenye lile benchi, Isaiah angeenda wapi? Mbele ukuta, kando Afande Wesley. Mwanamume asiye na pa kwenda husikiliza vizuri sana. Huenda amebadilika, huenda hajabadilika, na huwezi kulijua hilo ukiwa umemfungia.

Ndiyo, umemfungia wewe. Mahakama ilimpa kifungo chake kwa mkono wa Andati, na alistahili. Hizi wiki tatu za mwisho hakuna hakimu aliyezitoa.

Fanya hivi. Jumatatu nenda kwa Rachael, mwandike ombi moja la ukurasa mmoja, na hakikisha ugali hautajwi wala fahali. Siku ya kumtembelea mweleze Isaiah yote, pamoja na kwamba ulijua ukanyamaza. Atafoka, mwache afoke, kisha aweke sahihi. Akikwambia amalizane na Kiprotich kwanza, mwambie hutakanyaga kortini kwa kesi hiyo, na kweli usikanyage, hata ukisikia amenyoa ndevu.

Kuhusu Komanda, mwambie mumeo sasa hivi, angali ndani, kile unachokitaka akirudi: asubuhi aanze na wewe, ng'ombe baadaye. Useme kwa maneno hayo hayo, usimwachie abahatishe. Huyu ni mtu anayeweza kuandika kurasa kumi na moja juu ya ugali, hatashindwa kuelewa sentensi moja. Akirudi akafanya kinyume, niandikie tena, nami nitakuwa upande wako bila kucheka.

Lakini usikae ukisubiri upate ujasiri kwanza. Wewe unanyamaza ukiwa nyumbani kwako, na yeye ndiye anayezilala hizo siku.