Hukumu ya Mlango wa Nyuma

Tarehe 3 Machi

Kwa mpwa wangu,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, goti tu ndilo lenye kiburi, lakini kichwa changu bado kinakata kama wembe mpya. Natumaini nawe u mzima na unakula vizuri.

Dereva wa lori anayetubebea barua alinikuta na mteja kitini, nusu kichwa nimeshamnyoa. Nikamwacha hivyohivyo nikasoma barua yako. Akalalamika. Nikamwambia nywele hazina haraka.

Mchezo wetu wa mezani unaendelea hapa dukani kila Jumapili: kila mtu na mhusika wake, dadu katikati, na mwamuzi ni mimi. Walisema mzee wa darasa la pili hatakiweza kile kitabu cha sheria. Nimekimaliza kwa kidole, neno kwa neno, na sasa wao ndio wananiuliza mimi. Mhusika wako Bawabu yupo salama. Wewe andika anachofanya, dadu nitamrushia mimi, na sipendelei mtu, hata ndugu.

Tulipofika ni hapa. Kapteni kamkabidhi Bawabu ufunguo wa ghala, na ndani kuna watu wanapanga magunia. Kamwambia, "Usimfungulie mtu mpaka nirudi." Bawabu kaapa, Kapteni kaondoka. Sasa Bawabu anafanya nini?

Ni mimi mjomba wako, mwamuzi

*

Tarehe 12 Machi

Shikamoo mjomba,

Natumaini goti limepoa. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Nimecheka kidogo kusoma habari za Bawabu, maana na mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Hiki kiwanda cha kushona kiko ghorofa ya tatu. Nakaa kwenye mlango wa nyuma, unaotokea ngazini, ufunguo nimeuning'iniza shingoni. Msimamizi anasema nisiufungue mpaka yeye aje, kwa sababu vitambaa vinaibwa. Akishasema anaondoka. Simu tunaziacha getini, na kwako haipo, basi naandika.

Pembeni ya mlango kuna boksi la umeme. Ukiliwekea mkono linaunguza, na kunanuka plastiki iliyoungua. Nimemwambia msimamizi, akasema fundi atakuja. Marobota ya vitambaa yamejaa hadi ngazini. Kuna mama mmoja mshonaji, tunamwita Mama Vifungo, kila akipita ananitania: "Mwenye Ufunguo, tukianza kuungua tukuandikie barua ya maombi?"

Sasa naomba hukumu, mjomba. Moshi ukitoka chini ya mlango na Kapteni hayupo, Bawabu anaruhusiwa kufungua? Nijibu upesi kidogo.

Mpwa wako

*

Tarehe 20 Machi

Mpwa wangu,

Habari za kazi? Huku salama.

Kwanza, kwenye mchezo wangu hakuna moshi. Nani kakwambia kuna moshi? Mwamuzi ndiye anayeleta moshi, mchezaji haleti.

Lakini umeuliza, na mimi sishindwi na swali. Sheria ya kiapo inasema mlinzi aliyeapa hutii agizo kama lilivyotamkwa, hadi aliyeagiza alitengue. Fundi viatu, unajua ubishi wake mezani, akarukia ukurasa mwingine, unaosema mlinzi hulinda kilichomo ndani. Akasema, "Kilichomo ndani ni watu, mzee. Utalindaje watu kwa kuwachoma?" Nikamwambia kashone soli. Sheria hizo mbili zikigongana, kitabu kinamwachia mwamuzi, na mwamuzi ni mimi. Kapteni alisema "usimfungulie mtu". Hakusema "isipokuwa moshi". Bawabu asifungue. Akifungua, kiapo kimevunjika na heshima yake yote naifuta.

Na wewe huko simama hivyohivyo. Mwenye kiwanda alipopita hapa dukani kunyoa ndevu nilimwambia, huyu mpwa wangu ukimwambia simama, anasimama. Ndiyo maana kakuajiri. Usinitie aibu.

Mjomba wako, ambaye hajawahi kupinda sheria

*

Tarehe 2 Aprili

Shikamoo mjomba,

Hukumu imefika, ahsante. Mimi mzima, kifua tu kinakereketa.

Juzi boksi lilitoa cheche, na moshi kidogo. Wakainuka wote wakaja mlangoni. Mama Vifungo akanishika shati akasema, "Mwanangu, fungua." Ufunguo nilikuwa nao mkononi, mjomba. Nikakumbuka barua yako, nikasema msimamizi hajaja. Wengine wakawa wanalia. Cheche zikazima zenyewe. Msimamizi alipofika akanipiga begani, akasema mjomba wako hakumdanganya mwenye kiwanda.

Mama Vifungo hanitanii tena. Akifika mlangoni anageuza uso.

Boksi hawajalitengeneza, wamelifunika kwa turubai. Basi Bawabu asifungue, kama ulivyoamua. Nimefanya sawa?

Mpwa wako

*

Tarehe 8 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu zitafuata. Fungua huo mlango.

Barua yako niliisoma mezani kwa sauti, nikidhani nawaonyesha jinsi unavyotii. Hakuna aliyenisifu. Fundi viatu akauliza taratibu tu, "Kumbe ule moshi aliutoa huko?" Nikamjibu nilikuwa najua. Sikuwa najua. Mimi nilikuwa nahukumu magunia.

Sasa sikiliza, na hii ni hukumu halali, siombi ushauri wa mtu. Kitabu kinasema agizo hutenguliwa na aliyeagiza. Msimamizi alisema lake, lakini aliyekuzuia siku ile ni mimi, umeandika mwenyewe. Basi aliyeagiza ni mimi, na ninalitengua. Ukisikia harufu, fungua. Usisubiri moshi. Wakikufukuza kazi, njoo nyumbani, viti dukani ni viwili na mikono yangu inaanza kutetemeka, ila usimwambie mtu. Mwenye kiwanda nitamkabili mimi, sijawahi kumwogopa mtu ninayemshikia wembe kooni.

Mwambie Mama Vifungo aliyekataza ni mimi.

Mjomba wako

*

Tarehe 15 Aprili

Mpwa wangu,

Dereva kanirudishia barua yangu, bahasha haijafunguliwa. Anasema njia ya kiwandani imefungwa, magari ya zimamoto yamepangana, na askari alimgeuza kabla hajauliza kitu. Nimemuuliza aliona nini. Anasema aliona watu wengi wamekaa chini kando ya barabara, wamejifunika vitambaa. Nimemuuliza kama uliwahi kumwonyesha ufunguo shingoni, maana barua huziacha getini, ili nijue kama angekutambua. Kageuka kufungua tangi la lori.

Naandika akijaza mafuta. Duka nimelifunga, napanda lori pamoja naye. Barua zote mbili ziko mfukoni, na nikikukosa nitamwachia yeyote atakayesema anakujua.

Jumapili walikuja mezani, jibu lako halijafika. Fundi viatu akafungua kitabu, bila ubishi safari hii, akaniwekea kidole: mchezaji asipojibu zamu yake, mhusika wake huondolewa. Nikamwambia ukurasa huo bado sijaufikia.

Bawabu yuko mlangoni, na dadu nimezifungia kabatini. Hakuna atakayemrushia. Zamu ni yako, mwanangu.

Mjomba wako