Babu Zao Walilima au Walilimiwa?

Mpendwa Taata, baba yangu,

Unaikumbuka jioni ile ya redio, kahawa ikiwa bado imeanikwa kwenye mikeka? Waarabu na Wayahudi walikuwa vitani, na majirani wakagawanyika: huyu na Biblia yake, yule na ndugu zake wa msikitini Bukoba. Wewe ukauliza tu, "Hao wakubwa wao, babu zao walilima au walilimiwa?"

"We mzee," jirani akacheka, "hata Yerusalemu unaipeleka kwenye nyarubanja!"

Ungeiacha wapi? Migomba yetu ya Muleba ilikuwa katika nyarubanja ya bwana mmoja: ardhi yake, jasho letu. Ulimpelekea ndizi na pombe, ukapiga magoti uani, naye akakudondoshea kahawa ya kutafuna mkononi bila kuinuka kitini. Ubwana ule ulipofutwa baada ya Uhuru, wewe ulirudi nyumbani ukiimba.

Swali lako nimelisomea miaka mingi. Jumamosi nililijibu mjini, kwenye semina ya viongozi wa vijiji vya ujamaa. Mwenyekiti alikuwa mtoto wa bwana yule. Asubuhi alininong'oneza, "Mwalimu, ishia Palestina. Kazi yako unaipenda, si ndiyo?"

Nikasema: wengi wa viongozi wa Kiarabu kule walitoka koo kubwa za mijini, zenye ardhi iliyolimwa na wengine. Wengi wa viongozi wa Kiyahudi walikuwa wahamiaji wa Ulaya ya Mashariki, watoto wa wachuuzi na makarani, waliopanda vyeo kupitia vyama vya wafanyakazi na mashamba ya pamoja. Makofi! Nikayakatiza. Hao wa jembe nao wakawa wakubwa, wakawaweka nyuma Wayahudi waliotoka nchi za Kiarabu. Na mkulima wa Kiarabu, aliyezilimia koo zile, akakosa hata shamba la kumlimia mtu.

Mwenyekiti akatikisa kichwa: basi, inatosha. Haikutosha.

"Na sisi tuliokaa meza ya mbele? Nani babu yake alilima?"

Nikanyoosha mkono. Peke yangu, Taata. Ukumbi mzima ukamtazama mwenyekiti.

"Wangu alilimiwa," akasema hatimaye.

Wakati wa mapumziko alinijia na kikapu cha kahawa ya kutafuna, amesimama, mimi nimekaa. Nikavuta kiti.

"Keti kwanza, ndugu mwenyekiti."

Akaketi. Ndipo nikachukua.

Kazi sijui kama ninayo bado. Lala kwa amani katika migomba yako, ambayo hakuna anayeipigia magoti tena.

Mwanao,
mtoto wa aliyelima