Trei ya Mayai na Valvu za Datsun

Jumamosi. Baridi ya Julai, ile ya kushinda na sweta mpaka adhuhuri huku jua nalo likisitasita kutoka.

Leo nimemfokea mama yangu kwa sababu ya trei ya mayai. Nina miaka arobaini na miwili, na nimefoka mpaka jirani akapunguza redio ili asikie vizuri.

Nianze mwanzo. Gari la Baba, Datsun ya buluu iliyopauka, limekaa mbele ya nyumba yetu hapa mtaani Jericho tangu alipofariki, miaka minne sasa. Paka wamezalia kwenye kiti cha nyuma. Kaka yangu Kyalo amepata mnunuzi wa vyuma chakavu, naye anakuja Jumatatu asubuhi kulivuta. Mama amekubali. Mimi nilikataa, tukabishana wiki nzima, mwisho tukapatana hivi: likiwaka kabla ya Jumatatu linabaki, lisipowaka likakatwe.

Kyalo aliniuliza nalitakia nini, na hata kuendesha sijui sawasawa. Jibu ninalo, ila si la kumwambia mtu kwa simu.

Tatizo ni valvu. Fundi Mutiso, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alizungusha injini kwa mkono akasema haina pumzi. Valvu zimelika, hazifungi, hewa inatoroka. Akanisaidia kushusha silinda hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, tukaibeba mpaka uani kwetu na kuilaza juu ya gunia. Alitaka kuipeleka gereji. Nikamwambia nitazisaga mwenyewe. Hakunicheka, namshukuru kwa hilo.

"Sawa, dada. Lakini kila moja irudi kwa kiti yake. Ukizichanganya, hiyo umeanza upya."

Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni.

Baba hakusema kusaga. Alisema kupekecha, kama watu wa zamani walivyopekecha moto. Unapaka dawa ya kusagia kwenye ukingo wa valvu, dawa nyeusi yenye chengachenga kama mchanga. Unairudisha kwenye kiti chake, unaibandika kijiti chenye kikombe cha mpira, kisha unazungusha kijiti katikati ya viganja, kwenda na kurudi. Unainua kidogo, unageuza, unaendelea. Mwanzoni inakwaruza mpaka meno yanauma. Ukivumilia, sauti inalainika, na ukifuta unakuta mduara wa kijivu umezunguka ukingo wote bila kukatika. "Pekecha, Mwaitu, usisukume," alikuwa akiniambia. Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo Baba hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu, hata siku za kunichapa.

Wiki hii yote nimekuwa nikitoka kazini, navaa ovaroli yake, napekecha mpaka giza linapoingia. Viganja vyangu vya kuandika barua za ofisi vimetoka malengelenge. Na kila nikizungusha kile kijiti, kuna siku moja inanijia.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, shule ya watoto wenye nyumba za geti. Wakati wa likizo wasichana wawili wa darasa langu walikuja kunitembelea, wakaletwa na gari la mzazi. Baba alikuwa chini ya Datsun, miguu imetoka nje na akala zake za matairi kutoka Kariokor, ovaroli imelowa oili. Mmoja akaniuliza yule ni nani.

Nikasema ni fundi tu.

Baba alisikia. Najua alisikia kwa sababu spana ilinyamaza. Kisha akatoka pale chini, akafuta mikono kwa kitambaa, akaniangalia, akasema kwa adabu kabisa, "Madam, hii gari itakuwa sawa kesho asubuhi." Akawaamkia wale wasichana, akarudi chini ya gari.

Madam.

Jioni aliniita Mwaitu kama kawaida. Hakuligusa jambo lile siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na mimi sikupata mdomo wa kuomba radhi. Ila tangu siku ile hakuniita tena kumshikia taa akitengeneza gari, kama alivyozoea. Mimi nilijidanganya kwamba ni kwa sababu nimekua. Alipolazwa, nilikaa naye siku tisa, tukazungumza habari za shamba, za mvua, za Kyalo. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia. Nilimzika sijamwambia.

Basi ndiyo sababu ninalitaka gari. Nimeiandika, imetoka.

Sasa trei. Ili valvu zisichanganyike, nilizipanga kwenye trei tupu ya mayai, nane kwa mpangilio, kuanzia upande wa rejeta. Nilijiona mjanja. Jana nilimaliza ya nane, nikaiweka mahali pake, nikalala kwa raha.

Nilichosahau ni kwamba mama yangu hawezi kuona trei tupu ikalala nyumbani. Dukani pale kona hupewi mayai kama hujarudisha trei, na Mama amekuwa akirudisha trei tangu sijazaliwa. Asubuhi nilipokuwa bafuni alikuja uani, akaona trei, akaona vyuma. Akavimwaga vyuma kwenye karai, trei akaenda nayo dukani. Aliporudi na mayai, kwa vile ana roho nzuri, akamwaga mafuta ya taa kwenye karai, akachukua waya wa kusugulia sufuria, akaviosha vyote.

Nilimkuta akivianika juu ya gazeti, vinang'aa kama vijiko vya harusi.

"Nimekusaidia," akasema. "Vilikuwa vichafu sana juu."

Hapo ndipo nilipofoka. Nilimwambia ameniharibia kazi ya wiki nzima. Nikamwambia Jumatatu gari litakatwa na atakuwa amelikata yeye. Hilo la mwisho nalijutia sana. Alijifuta mikono kwa leso, akaingia jikoni, nikasikia anachagua mchele.

Nilikaa kwenye ndoo nikiangalia zile valvu nane kwenye gazeti. Nikahesabu saa zilizobaki. Kupekecha zote upya ni kazi ya jioni tano, na mimi nina siku mbili.

Kisha nikaona kitu.

Lazima nikiri uvivu wangu. Mimi nilikuwa nimesafisha ukingo tu, ule unaokaa kwenye kiti. Vichwa vya valvu niliviacha na masizi yake magumu meusi, nikijiambia nani atachungulia humo. Mama amevisugua. Na chini ya masizi, kwenye kila kichwa, kulikuwa na nukta zilizopigwa kwa ncha ya chuma. Moja. Mbili. Tatu. Mpaka nane.

Moja ya valvu hizo ina kovu kwenye shina, na nilikumbuka vizuri kwamba niliitoa ya kwanza kabisa upande wa rejeta. Nikaigeuza. Nukta moja.

Baba alizitia alama mara ya mwisho alipozifungua. Mwanamume huyu hakuweza kukumbuka siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote, lakini alikaa akapiga nukta nane ili atakayefungua injini baada yake asihangaike. Nilizipanga zote kwenye hedi kwa dakika mbili. Kisha nikalia, kilio cha kelele, cha kamasi.

Mama akatoka na mwiko mkononi, akidhani nimejikata.

Nikamwomba msamaha. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamweleza yote, wale wasichana, fundi tu, madam. Miaka karibu thelathini nimeyaficha.

"Mimi najua," akasema. "Aliniambia siku hiyo hiyo. Alicheka sana, akisema leo amepata kazi kwa tajiri."

Nikashusha pumzi. Lakini mama yangu hajui kudanganya, hata kwa kumhurumia mtu.

"Alicheka," akarudia. "Halafu nikapakua, na chakula hakula."

Nilitaka aniambie hakuumia, na sasa najua aliumia, na ajabu ni kwamba afadhali kujua. Mama akavuta ndoo nyingine akaketi. "Lakini wewe ulikuwa mtoto," akasema, "na yeye alikuwa anajua watoto. Haya, endelea. Wali hautaungua kwa sababu yako."

Nilifunga valvu na springi zake. Mama alishika hedi ili isicheze. Kisha tukafanya jaribio la Baba: unageuza hedi, unajaza mafuta ya taa kwenye vishimo vinamokaa vichwa vya valvu, unasubiri uone kama yatapenya kwenye valvu. Tulisubiri muda wote wa kula wali na mayai. Tuliporudi, saba zilikuwa kavu. Ya sita ilikuwa imetoa jasho kidogo.

Zamani ningeifuta nikajifanya sijaona. Leo nimeitoa, nimepaka dawa, nimeanza kuipekecha tena.

Jioni nimempigia Kyalo. Nimemwambia amzuie yule mtu asije Jumatatu.

"Kwani imewaka?"

"Bado. Huenda isiwake."

"Sasa wewe, si tulielewana?"

"Tulielewana. Nimevunja mapatano, nikasirikie. Hilo gari ni la Baba, na mimi ndiye ninayelitengeneza."

Akaniuliza kama ninahitaji mtu wa kunisaidia kubeba hedi kesho. Nimesema ndiyo.

Sijui kama litawaka. Huenda nitakosea kufunga gasketi, huenda nimekosea kila kitu. Nikikosea, nitalifungua tena.