Jina Nililomkataza Nduku

Kikima, Jumatano, Julai 1979

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Mwalimu mkuu ameniambia inspekta anakuja kesho, na ataketi nyuma ya darasa langu la Kiingereza.

Naogopa. Afadhali niandike hivyo, niache kujidanganya.

Sina cheti cha ualimu. Wazazi ndio walioniajiri, na darasa lenyewe walilijenga kwa mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji, akina mama wakipokezana mawe kutoka mtoni. Inspekta akisema sifai, nitarudi Kilungu kupalilia shamba la baba, na wazazi hao watajua walijengea mtu wa bure.

Wiki jana nilikuwa nafundisha Kiingereza kilikotoka. Nikasoma kwenye daftari langu la zamani kwamba kile cha kwanza kabisa kinaitwa "Anglo-Saxon". Nduku, msichana wa dawati la mbele, akainua mkono, akasema aliona mahali kikiitwa "Old English".

"Mwalimu, si hiyo ni Kiingereza tu ya kitambo? Mimi nimeitwa jina ya nyanya yangu ndio watu wajue nimetoka kwake. Sasa hiyo mbona tuipatie jina ya kando?"

Darasa likacheka. Badala ya kusema sijui, nikamwandikisha "Anglo-Saxon" ubaoni mara hamsini, wenzake wakimtazama.

Leo mchana nimefungua kitabu kipya ofisini. Wataalamu siku hizi wanapendelea "Old English", kwa kuwa ndicho kilichozaa Kiingereza cha leo. Lile lingine si kosa, ila ni jina la zamani linaloachwa polepole. Nduku alikuwa sahihi, na hata sababu yake ni ile ile ya kitabu.

Nimefikiria kuliruka somo hilo. Nimefikiria hata kujifanya mgonjwa, mtu mzima mimi!

Hapana. Kesho nitaandika "Old English" ubaoni na kusema nilikosea, inspekta akisikia. Kisha nitamwomba Nduku awaeleze wenzake sababu.

Lakini tangu siku ile hajainua mkono tena. Inspekta anaweza kunifukuza, sawa. Ninachoogopa zaidi ni Nduku asimame, ainamishe kichwa, na aseme yale maneno yaliyonishinda mimi.

"Sijui, mwalimu."