Nguo Zangu Kavu

Mwenzangu, leo nimeaibika, sijui nijifiche wapi!

Unamjua yule msusi jirani yangu, ninayemwombea miezi mitatu aje kanisani? Mchana nimejifungia chumbani kwa sala yangu ile ya tangu nifiwe na mume. Nimepiga magoti, napaza sauti: "Bwana, lainisha moyo mgumu wa huyu msusi!" Mlango ukagongwa. Sikufungua. Ukagongwa tena. Nikazidisha sauti!

Kumbe mvua imeanza, na nguo zangu ziko kambani.

Kuja kufungua, namkuta msusi mwenyewe kalowa chapachapa, kakumbatia mashuka na magauni yangu, kayafunika kwa nailoni yake ya saluni.

"Amina, Mama Sala," akasema. "Moyo mgumu, lakini nguo zako kavu."

Nguo zangu kavu, mwenzangu! Zake hakuwahi kuanua hata moja.

Nikamwingiza ndani, nikampa taulo na chai. "Mwanangu, nisamehe. Mwenye moyo mgumu ni mimi."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Basi kesho ukianza kunisemea kwa Mungu, nifungulie, na mimi niwepo."

Sasa hivi napiga pasi nguo zake. Mlango nimeuacha wazi.