Uyoga wa Chini ya Kikapu

S.L.P. 47,
Tunduma, Mbozi.
Jumapili, 11 Januari 2004.

Mpendwa Shangazi Tupokigwe,

Shikamoo. Pokea na salamu za Bibi, ambaye nilimwona Mwaka Mpya na akanishika mkono muda mrefu akidhani ni wako. Magoti yako yanaendeleaje? Barua yako ya Oktoba ilisema yanauma unapopanda ngazi za kanisa. Na mwanao Watson, ile malaria imemwachia? Huko Mpanda mvua mmepata? Huku imenyesha hadi inachosha. Vumbi la Tunduma limegeuka tope, na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yamepanga foleni mpaka karibu na Mpemba.

Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujatulia. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, na naomba usimpe mtu mwingine akusomee.

Kazi bado ninayo. Najaza fomu za forodha tangu asubuhi hadi ofisi inapofungwa, na kila namba ya gari naihakiki mara tatu. Mzee Ishaka, bosi wangu, anasema nikiendelea hivyo ndizi za watu zitaivia mpakani. Ananitania, lakini hanifokei.

Mwezi wa tisa alinipa vitabu. Kulikuwa na katoni iliyokaa stoo mwaka mzima, mali ya mtu aliyeiacha na hakurudi, na Mzee Ishaka alitaka nafasi. Nikachagua vitatu, vyote vya Kiingereza, vyote vya wanaoanza: kimoja cha saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu, kimoja cha falsafa, na kimoja chembamba kuhusu mimea na dawa zinazomfanya mtu aone visivyokuwepo. Navisoma mchana wakati wa chakula, na kamusi pembeni. Faudhia, tunayekaa naye meza moja, aliuliza mbele ya wateja kama nasoma vitabu vya vichaa ili nijitibu mwenyewe kimya kimya. Mzee Ishaka naye alipoona kile chembamba alisema, "Msomi, hicho kifiche. Polisi wakikikuta watasema ni orodha ya mzigo."

Nilicheka nao. Lakini cha saikolojia kilinitia hofu tangu mwanzo, kwa sababu kila ugonjwa nilioufikia niliuona ninao. Nilipofika sura ya watu wanaohakiki kitu mara tatu tatu, niliruka kurasa.

Shangazi, kilichonifanya niandike ni kile chembamba.

Kina picha ya uyoga. Kichwa cha rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu, shina jeupe, na maelezo kwamba huota kwenye samadi ya ng'ombe baada ya mvua, na kwamba shina likiminywa hugeuka buluu. Aliyeula, kinasema, anaweza kuona kuta zinapumua, nyuso zinabadilika, waliokufa wanarudi. Anaweza kucheka na kulia kwa pamoja. Baada ya saa kadhaa hali hiyo humtoka. Faudhia alikuwa mbele yangu anakula wali. Nilifunga kitabu, nikaenda kusimama nje kwenye matope kama mtu anayesubiri gari.

Unajua ninalolifikiria. Lakini acha niliandike lote, maana sijawahi kulisema mbele yako, na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka minane. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kwetu Ibaba, na tulipanda kilimani kwenye miti, mimi na mabinti wa jirani, kuchuma uyoga. Wenzangu walijaza vikapu. Mimi nilicheza, kisha nikaona aibu. Wakati wa kurudi nilijitenga nao, nikapita nyuma ya zizi la Baba Mkubwa Anyelwisye, na hapo kwenye samadi uyoga ulikuwa umesimama mwingi, mzuri, safi. Nilichuma haraka. Niliuweka chini kabisa, ule wa mitini nikaufunika juu. Vidole vyangu vilikuwa na rangi ya buluu, nikavifuta kwenye majani.

Wewe ndiye uliyekuwa unapika siku hiyo. Shavu lilikuwa limevimba kwa jino, umelifunga kitambaa. Ulimwaga kikapu kwenye ungo na kuchambua, kama anavyofanya kila mpishi kwetu, mmoja mmoja. Ulifika ule wa chini, ukaushika, ukaunusa, ukaniuliza nimeutoa wapi. Nikasema kule kule juu kwenye miti, na wenzangu. Ulinitazama. Kisha ukautia chunguni.

Watu saba tulikula mchana ule. Wewe hukula kwa sababu ya jino, ulikunywa uji uliopoa. Yaliyofuata unayakumbuka kuliko mimi. Babu alicheka hadi machozi, akaanza kuzungumza na kaka yake marehemu ukutani. Baba Mkubwa alikuona umesimama mlangoni na jua nyuma yako, akapiga yowe kwamba una nyuso mbili. Mimi niliona ukindu wa kikapu unatembea kama siafu, nikalala. Siku ya nane Babu akafariki.

Na kwenye kikao cha ukoo neno lilikuwa moja tu: aliyepika hakula.

Baba Mkubwa alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyesema uongo, na hakuna aliyemtilia shaka. Hapo ndipo kitabu cha falsafa kinaponitesa, Shangazi. Kinauliza mtu anajuaje kwamba anachokiona kipo. Nilidhani ni swali la watu wasio na kazi. Sasa naona Baba Mkubwa hakudanganya hata kidogo. Aliona nyuso mbili. Alisema alichokiona, kwa moyo safi, nawe ukafukuzwa umemshika Watson mkono kwa sababu ya ukweli wake. Mwongo ningejua namna ya kumpinga. Mtu wa namna hiyo nampinga vipi?

Kitabu cha saikolojia nacho hakiniachi. Kinasema kumbukumbu haikai kama nguo sandukuni. Kila tunapoikumbuka tunaipika upya, na mtoto anaweza kukumbuka jambo ambalo halikutokea. Basi nakaa najiuliza: ile buluu vidoleni niliiona kweli, au nimeiona kwenye kitabu nikajipaka mwenyewe? Uliniuliza kweli, au natamani tu kwamba uliniuliza? Lakini zizi nalikumbuka. Uongo wangu naukumbuka, na huo nilikuwa nao miaka kumi na sita kabla ya kitabu chochote.

Na ipo hofu nyingine, ambayo nimeandika na kukata mara mbili. Kama uyoga ulikuwa wangu, je, nilimuua Babu? Sura ile nimeisoma mara nne. Inasema aghalabu uyoga wa aina hiyo hauui. Babu alikuwa anakohoa damu tangu mavuno ya mwaka wa nyuma. Najua. Lakini neno "aghalabu" linanikosesha raha.

Krismasi nilimwambia Baba. Tulikuwa wawili tu shambani, tunapalilia viazi. Alisikiliza bila kunyanyua kichwa, kisha akauliza nimeyasoma wapi. Nikasema kwenye kitabu.

"Hicho kitabu kilikuwepo nyumbani siku ile?"

Nikasema hakikuwepo. Akalima hadi mwisho wa tuta, akarudi.

"Wewe unaitwa nani?"

"Tupokigwe, Baba."

"Nani alikupa jina hilo?"

"Shangazi."

"Basi. Wataniambia hakukupa jina tupu."

Akaendelea kupalilia. Nami niliogopa, maana ni kweli. Wanasema uchawi hupita kwa shangazi kwenda kwa binti wa kaka yake. Nikisimama na kusema ni mimi niliyechuma, watasema ulinituma, kwamba ulinianzisha nikiwa na miaka minane. Na vile vitabu watavipata chumbani kwangu, na picha zake. Tangu siku hiyo nikisikia watu wawili wa nyumbani wanazungumza Kindali sokoni hapa Tunduma, nageuza njia.

Ningenyamaza, Shangazi. Nakiri ningenyamaza. Ila Baba alinionyesha barua yako.

Ulimwandikia kwamba umekubali masharti ya Baba Mkubwa: utakuja Jumamosi tarehe 31, utapiga magoti mbele ya ukoo na mganga wao, utanyolewa, utakunywa dawa, utataja ulichokifanya, ndipo uruhusiwe kuingia kumwona Bibi. Na chini uliandika, "Nitataja chochote watakachotaka nitaje, mradi nimwone mama yangu kabla hajafa." Baba alisoma mstari huo kwa sauti, akashindwa kumalizia.

Usitaje. Nakuomba. Ukitaja utakuwa umekiri mbele ya watu wote, na hakuna kitabu wala mtu atakayeweza kulifuta neno hilo tena. Unawajua watu wetu. Mtoto wa jirani akiharisha mwezi wa tatu, watasema alikiri mwenyewe. Ng'ombe akitupa mimba, alikiri mwenyewe. Hawatakuwa wamekurudisha nyumbani, watakuwa wamekuweka mahali pa kukuona.

Mwaka Mpya nilikwenda kwa Bibi. Sikuwa nimepanga kumwambia. Nilikuwa namlisha uji, na maneno yakanitoka yenyewe, zizi, kikapu, yote. Alimeza, akafumba macho. Kisha akasema, "Ule uyoga ulikuwa mtamu."

Akaendelea taratibu kusema kwamba siku ile aliwaona wanawe wawili waliokufa wadogo, wamekuja na nguo safi, wamekaa miguuni pake. Wote wanalia na kupiga yowe, yeye moyo wake unafurahi.

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Ningesema nimefurahi, wangenifukuza na mimi."

Nilimwuliza basi kuhusu Babu. Alisema Babu alikwishaanza kuondoka tangu mavuno, na kwamba siku ile ndiyo ya mwisho kumwona anacheka. Halafu akanipa ujumbe nikufikishie, nauandika kama alivyousema: "Mwambie mwanangu aje. Asitaje kitu. Mlango huu ni wangu, sio wa Anyelwisye."

Kwa hiyo njoo, Shangazi, lakini usipande gari la Itumba peke yako. Shuka Tunduma Ijumaa tarehe 30, uliza ofisi ya Mzee Ishaka, mtu yeyote stendi atakuonyesha. Utalala kwangu, na asubuhi tutapanda Ibaba pamoja. Nimeshaomba ruhusa. Nimemwambia Mzee Ishaka nina jambo la ukoo, hakuniuliza zaidi, alisema tu nirudi na kichwa changu.

Barua hii anakuletea Yassir, dereva wa mizigo anayepitia Sumbawanga kuja huko. Ni mtu mwaminifu, hawezi kuifungua. Atakaa Mpanda siku mbili. Mpe jibu, hata mstari mmoja, uniambie kama kweli uliniuliza nimechuma wapi. Ukisema hukuniuliza, nitakubali kwamba hilo nimelitunga. Lakini la zizi nitalisema hata hivyo.

Nimeamua kulisema mapema, kabla hujapiga magoti. Sitataja kitabu. Baba alisema kweli, kitabu hakikuwepo. Nitasema nilichokifanya kwa mikono yangu, na kwamba nilikudanganya. Huenda sauti isitoke. Huenda Baba atakuwa upande wangu na huenda atatazama chini kama shambani. Huenda wataninyoa mimi.

Nisalimie Watson na mkewe Paskalina, na mtoto wao ambaye sijamwona. Mama anakusalimu. Faudhia naye anakusalimu bila kukujua, nilimwambia tu namwandikia shangazi. Mungu akulinde barabarani, akupitishe kwenye tope la Laela salama, na amtunzie Bibi pumzi hadi umfikie.

Limebaki moja, na ndilo zito kuliko yote. Siku ya kikao kile nilikuwa nimejificha nyuma ya gauni la Mama. Baba Mkubwa aliuliza nani aliyechuma uyoga. Uliangalia watu wote, ukanifikia mimi, macho yako yakakaa kwangu kidogo, kisha ukasema, "Nilichuma mwenyewe." Hilo sikulisoma popote, na sikulipika upya. Naamini ulijua, na kwamba uliona watakachomfanya mtoto wa miaka minane.

Sasa nina miaka ishirini na minne. Watauliza tena, maana Baba Mkubwa huanzia pale pale. Wakiuliza nani alichuma, tafadhali, Shangazi, safari hii usinijibie.

Mwanao akupendaye, mwenye jina lako na hofu yake mwenyewe,

Tupokigwe Danford Kibona